KUWINDA GARI LA MOSHI KWA KALAMU NA KAMERA

Mhariri ameniomba nieleze katika sehemu hii ya Kiswahili ule mchezo wangu ambao wenzangu bwenini wameucheka kwa muda wa miaka mitatu. Wao hukusanya majina ya wachezaji wa mpira. Mimi hukusanya nambari za injini za gari la moshi. Siku ya ruhusa wao huenda uwanjani, mimi huenda kando ya reli na daftari langu na penseli. Mmoja wao aliniuliza, "Je, treni ikiisha kupita, wewe hubaki na faida gani?" Siku ile sikuwa na jawabu. Leo ninalo, nami nitalitoa mwishoni, baada ya kueleza mchezo wenyewe jinsi ulivyo.

Nyumbani kwetu ni Kasubi, kilima kinachojulikana na watu wote kwa ajili ya makaburi ya Kabaka wanne wa Buganda. Reli haipiti Kasubi. Lakini asubuhi mapema sana, kabla magari ya Barabara ya Hoima hayajaanza kelele zake, mara nyingine tunasikia honi ya treni ikilia mbali, upande wa mjini. Mchana hatuisikii kabisa. Nilidhani ni kwa sababu ya kelele tu, hata mwalimu wa fizikia alipotufundisha sababu ya pili. Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, lakini hewa ya juu hubaki na joto. Sauti huenda kwa kasi zaidi katika hewa yenye joto. Kwa hiyo ile sauti iliyokuwa ikipanda juu huinama na kurudi chini, ikafika mbali. Ndiyo maana treni huonekana kuwa karibu alfajiri, na jua likipanda inakwenda zake.

Honi hiyo ndiyo iliyoniingiza katika mchezo huu, yaani honi hiyo pamoja na Babu yangu. Babu alianza kazi ya reli mwaka 1964, akiwa kijana wa miaka 21. Alikuwa fayamani, mtu wa kutunza moto wa injini ya mvuke, na kwa miaka mingi alisafiri katika njia ya Kasese. Kila alipokuwa akisikia ile honi alikuwa akiinua kichwa na kusema, "Hiyo si filimbi. Filimbi ya mvuke ilikuwa na roho." Mimi nilitaka kujua roho hiyo ilikuwaje, basi nikaanza kuuliza.

Kwanza, yafaa tujue reli yenyewe ilifikaje kwetu. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, wakati Nairobi ilipokuwa bado uwanda wa majimaji na mahema, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingo wa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu. Iliitwa Reli ya Uganda, lakini haikuingia Uganda ya leo. Abiria na mizigo walivuka ziwa kwa meli. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi na ajali. Simba wa Tsavo, ambao habari zao kila mtoto amezisikia, waliua baadhi yao mwaka 1898, lakini maradhi yaliua wengi kuliko simba.

Hapa Uganda reli ya kwanza ilikuwa ile fupi ya Jinja mpaka Namasagali, iliyofunguliwa mwaka 1912. Baadaye ikaja njia ya Port Bell mpaka Kampala mwaka 1915. Njia kuu kutoka Kenya ilizunguka juu, ikapanda milima mpaka karibu na Timboroa, penye urefu wa futi 9,136 kutoka usawa wa bahari, kisha ikateremka kuja Tororo. Daraja la Nile pale Jinja lilikuwa tayari mwaka 1931, na mwaka huohuo treni ikafika Kampala bila kuvuka ziwa. Toka Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilometa 1,300. Mwaka 1956 njia ya magharibi ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mwaka 1964 ile ya kaskazini ikafika Pakwach. Upana kati ya chuma na chuma ni meta moja kamili, na upana huo haujabadilika katika njia hizo tangu siku ya kwanza pale Mombasa.

Sasa tuje kwenye mchezo. Mwindaji wa treni hana haja ya vitu vingi. Daftari dogo linaloingia mfukoni, penseli (kalamu ya wino hufutika mvua inyeshapo), na saa. Kamera ni nzuri, lakini huja baadaye. Treni inapopita unaandika tarehe, saa, mahali uliposimama, inatoka wapi na inakwenda wapi, nambari ya injini, idadi ya mabehewa, na aina ya mzigo kama unaonekana. Kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Siku yangu ya kwanza pale Nalukolongo nilihesabu mabehewa 14, rafiki yangu akahesabu 16, na nambari ya injini hakuna aliyeipata. Siku ya kumi nilikuwa nimekwisha kujifunza: nambari kwanza, mabehewa baadaye, kushangaa mwisho.

Mtauliza, nambari inasema nini? Inasema mengi kwa mtu anayejua kuisoma. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika, na injini zote zikapewa mpango mmoja wa nambari. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la injini, na mbili za mwisho ni nafasi yake katika daraja hilo. Basi injini 5918 ni ya kumi na nane katika daraja la 59. Jumuiya ya reli ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua zake, lakini mpango ulibaki. Ukiona injini ya dizeli hapa Kampala yenye nambari inayoanza na 73, ujue ni ya daraja la 73. Babu, aliyeacha kazi zamani, angeweza kuisoma bila kufundishwa na mtu.

Kwa injini za mvuke iko hesabu nyingine tena, hesabu ya magurudumu. Huhesabiwa kutoka mbele: kwanza magurudumu madogo ya kuongoza, kisha makubwa ya kusukuma, kisha madogo ya nyuma. Injini ya 2-8-4 ina mawili ya kuongoza, manane ya kusukuma na manne ya nyuma. Daraja la 59 huandikwa 4-8-2+2-8-4, na mtu asiyejua hudhani ni hesabu ya kujumlisha. Jumla yake ni magurudumu 28, na alama ile katikati maana yake ni kwamba hapo ziko injini mbili zilizobeba tangi moja la mvuke katikati yao.

Mashine ya namna hiyo huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeibuni mwaka 1907. Faida yake ni hii. Injini ndefu iliyonyooka haiwezi kupinda katika kona kali za milimani, na injini fupi haina nguvu za kuvuta mzigo mlimani. Garratt akakata shauri: weka injini moja mbele na moja nyuma, kila moja igeuke peke yake, na tangi la mvuke lining'inie katikati kama mzigo uliobebwa na watu wawili kwa mti. Reli yetu yenye kona nyingi na vilima vingi ilihitaji mashine hiyo hasa. Injini 34 za daraja la 59 zilitengenezwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 kila moja, nazo zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani katika reli za upana wa meta moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Mount Kenya, Ruwenzori Mountains, Mount Elgon na mingine. Wengi hufikiri zilikula makaa ya mawe. La, zilichoma mafuta mazito, na kazi ya fayamani ilikuwa kuangalia moto, moshi na kipimo cha maji bila kusinzia hata dakika moja. Babu husema moshi mweusi ulikuwa aibu ya fayamani, kwa maana ulionyesha kwamba mafuta yanapotea bure.

Injini mbili za daraja hilo zimehifadhiwa Nairobi, katika jumba la makumbusho ya reli lililofunguliwa mwaka 1971. Moja ni 5918, Mount Gelai, na ya pili ni 5930, Mount Shengena. Hapo liko pia behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900, alipokuwa amelala akimvizia simba huyohuyo. Kwa sisi wa Uganda liko jumba la makumbusho Jinja, katika stesheni ya zamani, lililofunguliwa mwaka 2022. Nilikwenda huko likizo ya mwaka jana. Nauli ya Jinja si kubwa, na mwanafunzi wa historia atapata zaidi ya nauli yake.

Mchezo huu haukuanza kwetu, nao si mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 1942, wakati wa vita, kijana mmoja wa Uingereza jina lake Ian Allan alikuwa karani katika ofisi ya reli pale Waterloo, London. Alikuwa na miaka 20, na mguu mmoja alikuwa ameupoteza kwa ajali akiwa na miaka 15. Kila siku zilikuja barua za watu wakiuliza habari za injini, hata akachoka kuzijibu moja moja. Akatunga kijitabu chenye orodha ya nambari zote za injini za reli ile, akakiuza kwa gharama yake. Kikanunuliwa mara moja. Akatoa vingine, na baada ya muda maelfu ya wavulana wa Uingereza walikuwa wakisimama stesheni na vijitabu hivyo, wakipiga mstari chini ya kila nambari waliyoiona. Injini za mvuke za kawaida ziliondolewa katika reli ya taifa ya Uingereza mwaka 1968. Yale madaftari ya wavulana ndiyo yanayotumiwa sasa na watu wanaotaka kujua injini fulani ilikuwa wapi siku fulani.

Huko Marekani alikuwako mpiga picha, O. Winston Link. Mwaka 1955 alitambua kwamba reli ya Norfolk and Western ilikuwa njia kuu ya mwisho kutumia mvuke, na kwamba mvuke ule ulikuwa karibu kuisha. Akaenda kuipiga picha mpaka mwaka 1960. Alipenda kupiga usiku, akiunganisha taa nyingi za kumulika kwa nyaya ili ziwake zote pamoja mara moja treni inapopita. Aliulizwa kwa nini usiku. Sababu yake ilikuwa kwamba jua hawezi kulihamisha, bali taa aliweza kuziweka anapotaka. Na katika picha zake treni haiko peke yake. Wako watu wanaoogelea mtoni, watu waliokaa sebuleni, watu waliomo katika magari yao, na nyuma yao treni inapita. Nilipoziona picha hizo katika kitabu nilifahamu kosa langu. Mimi nilikuwa nikipiga chuma tupu.

Basi, nieleze machache niliyojifunza juu ya kupiga picha. Kamera yangu ni simu ya kaka yangu, ambayo huniazima wakati wa likizo tu, kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi. Jambo la kwanza ni jua. Kampala iko karibu sana na Ikweta, na saa sita mchana jua huwa utosini. Paa la injini hung'aa, na magurudumu huwa meusi kama yamo pangoni. Piga saa moja au saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni kwako na upande wa treni uking'aa. Kwa bahati hizo ndizo saa za treni za abiria wa kazini. Huduma ya Kampala na Namanve, inayosimama mahali kama Nakawa, Kireka na Namboole, ilirudi mwezi wa Desemba 2015. Tangu hapo imepata kusimamishwa na kuanzishwa tena, kwa hiyo uliza kwanza stesheni kabla ya kupoteza asubuhi yako.

Jambo la pili ni mwendo. Fanyeni hesabu pamoja nami. Treni inayokwenda kilometa 40 kwa saa hupita meta 11 katika sekunde moja. Kamera ikifungua jicho lake kwa sehemu ya 60 ya sekunde, treni itakuwa imesogea sentimeta 18, na nambari yote itakuwa ukungu. Ikifungua kwa sehemu ya 500, treni itasogea sentimeta mbili tu, nambari itasomeka. Kwa hiyo chagua kasi kubwa ya kamera kama mwanga unatosha. Kama hautoshi, simama mahali treni inakujia kwa mshazari, kwa maana ikikujia hivyo husogea kidogo katika picha kuliko ikikukata mbele ya uso. Jambo la tatu ni lile la Bwana Link: weka mtu katika picha. Mwuza ndizi kando ya reli pale Ndeeba atakuonyesha ukubwa wa injini, na baada ya miaka 50 huenda watu wakamtazama yeye kwanza.

Yako pia masharti ambayo mwindaji hana ruhusa ya kuyavunja. Usitembee katikati ya reli, wala usisimame hapo kupiga picha, hata kama huoni treni wala huisikii. Treni ya mizigo ikishikwa breki husafiri mamia ya meta kabla ya kusimama, na dereva hana usukani wa kukukwepa. Usipande behewa lililosimama, kwa kuwa linaweza kusukumwa bila honi. Usimmulikie dereva taa ya kamera machoni. Na usipige picha stesheni, karakana wala daraja bila idhini ya wenyewe.

Sharti hilo la mwisho nilijifunza kwa uchungu. Nilipokuwa kidato cha nne nilikwenda mahali fulani, ambapo sitapataja, penye mabehewa ya zamani yaliyosimama majanini. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikaliona behewa moja ambalo sikuwahi kuona mfano wake. Lilikuwa la chuma, refu, lakini pande zake zilikuwa fupi ajabu, kama sanduku lililokatwa katikati, na juu ya kutu bado zilisomeka herufi za reli ya Afrika Mashariki. Kwa mazoea yangu niliandika nambari kwanza, na uzito uliopakwa rangi ubavuni, kisha nikapiga picha nane. Hapo mlinzi akanishika bega. Aliichukua simu, akafuta picha zote, akaniketisha chini ya mti kwa saa mbili kabla ya kuniruhusu kwenda. Simlaumu. Alikuwa akifanya kazi yake, na kosa lilikuwa langu.

Baada ya miezi miwili nilirudi na barua iliyotiwa sahihi na mwalimu mkuu. Safari hii nilipokewa vizuri, hata nikapewa kiti. Lakini pale penye behewa palikuwa na majani yaliyolala na vipande vya kutu. Lilikuwa limekwisha kukatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Nilikwenda nyumbani Kasubi nikiwa na huzuni, nikamweleza Babu. Lazima niwaambie kwamba Babu sasa ana miaka zaidi ya 80, na macho yake yamezimika. Picha zangu zote nzuri hawezi kuziona. Yeye mwenyewe zamani alikuwa na daftari la safari zake, lakini lilioza kwa mvua iliyovuja darini, na tangu siku ile alikuwa akisema kwamba amesahau yote. Basi jioni ile, kwa kuwa sikuwa na picha ya kueleza, nilimsomea daftari langu: nambari, uzito, urefu kwa hatua zangu, pande fupi.

Babu akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Pande zake zilikufika wapi? Kiunoni au kifuani?" Nikamjibu, "Kiunoni, Babu, nikisimama juu ya sakafu yake." Akacheka. Akasema, "Hayo tuliyavuta na shaba. Wewe unaona behewa fupi, unafikiri limekatwa. Shaba ya Kilembe ilikuwa nzito hata behewa likionekana nusu tupu, injini ilikuwa imekwisha kupata mzigo wake. Ungeliongeza pande, mtu mjinga angelijaza, na mlima ungetushinda."

Kutoka hapo alisema mpaka usiku. Alinieleza jinsi mzigo ule ulivyotoka Kasese kwenda kuyeyushwa katika tanuri la Jinja. Jinsi walivyotia mchanga juu ya reli magurudumu yalipoteleza. Jinsi fayamani mwenzake alivyoimba usiku kucha ili dereva asilale. Niliandika kurasa kumi na moja. Mambo hayo hayakuwa katika kitabu chochote nilichosoma, wala Babu hakujua kwamba bado anayo. Behewa limekwisha kuwa misumari na nondo, picha zimefutwa, macho ya mzee yamezimika. Lakini mstari mmoja wa penseli ulitosha kuyaita.

Hilo ndilo jawabu langu kwa rafiki yangu wa bwenini. Treni ikiisha kupita, mimi hubaki na nambari yake na saa yake, na siku moja atatokea mtu ambaye nambari hiyo itamfungua kinywa. Nambari ambayo haikuandikwa haiwezi kumfungua mtu kinywa.

Na wakati wetu si mrefu. Treni zimekwisha kuacha kwenda Kasese tangu miaka ya 1990, na mahali pengi mataruma ya chuma yameng'olewa na nyumba zimejengwa juu ya njia. Wenzetu wa Kenya walianza kupanda treni ya reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Wenzetu wa Tanzania walianza safari za treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Serikali yetu ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, wa kujenga reli kama hiyo kutoka Malaba mpaka Kampala, nayo imekusudiwa kuwa ya umeme. Mimi naifurahia. Sitaki nchi yetu ikae na meta moja milele ili mimi nipate kujaza daftari. Lakini kitu kinapoondoka, ni haki kukiaga kwa jina lake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwenu wanafunzi wenzangu: anayetaka kujiunga nasi anitafute Jumamosi baada ya kazi za usafi. Tuko watano sasa, na tunayo barua ya mwalimu mkuu. Lete daftari na penseli tu. Ukiwa una mjomba au shangazi aliyefanya kazi ya reli, mlete huyo kwanza.

Kwenu wazee wetu mliosoma hapa: wengi wenu mlikuja shule kwa gari la moshi, na sanduku la bati, kutoka Tororo, Soroti, Kasese na kwingineko. Huenda ndani ya sanduku hilo mko tikiti, picha ya stesheni, au barua yenye tarehe ya safari. Msione ni takataka. Andikeni nyuma ya picha mwaka, mahali na majina, mkaipeleke katika maktaba ya shule, nasi tutaitunza. Na kama hamna kitu ila kumbukumbu, tutakuja na penseli. Mtuambie treni iliondoka saa ngapi, mlikula nini njiani, na filimbi ililiaje.

Babu amekwisha kujaribu kuniigia filimbi hiyo mara tatu. Kila mara hukohoa, akasema, "Si hivyo." Tunaendelea.